Habari za Kutu na za Gari Kuukuu la Misioni



Katika kitabu cha jubilei watu hutazamia kusoma habari za makanisa yaliyojengwa, za shule zilizofunguliwa, na za wazee waliotutangulia. Habari hizo wamepewa wengine kuziandika, nao wameziandika vema. Mimi nitaandika habari za kitu duni, nacho ni kutu. Maana kutu nayo ina historia yake, na historia hiyo yatugusa sote tunaotumia gari lililozeeka katika njia za matope na mawe.

Ni nani katika vigango vyetu asiyeijua Land Rover ya misioni? Imebeba wagonjwa usiku, imebeba mabati na saruji, imebeba mahindi ya shule, imebeba na maiti kurudi kwao. Basi gari la namna hiyo hufa kwa kutu kuliko linavyokufa kwa injini. Injini huweza kufunguliwa ikatengenezwa, hata ikabadilishwa. Lakini chuma kilicholiwa hakirudi. Na jambo linalowachosha watu ni hili: kutu huondolewa leo, rangi mpya ikapakwa, gari likang'aa, na baada ya masika moja kutu iko palepale. Watu husema, "Gari hili limerogwa." Halikurogwa. Kuna sababu zake, na sababu hizo zilianza kujulikana tangu zamani sana. Nataka tuzifuate kwa taratibu.

I. KUTU NI NINI

Chuma hakiokotwi ardhini kikiwa chuma. Hutolewa katika mawe na udongo mwekundu kwa moto mkali. Wazee wetu walijua kazi hiyo. Katika nchi ya Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wachimbuzi wa mambo ya kale wameonyesha ya kuwa watu waliyeyusha chuma yapata miaka 2000 iliyopita. Na katika Ufipa watu wameona matanuru marefu ya udongo, yaitwayo malungu, ambayo mafundi waliyatumia hata karne iliyopita. Mhunzi yule, kwa makaa na mivuo, alikuwa akiitenganisha chuma na hewa iliyoshikamana nayo katika jiwe. Hewa hiyo ndiyo oksijeni.

Basi chuma kikiisha kutengwa, hakitulii. Hutaka kurudi katika hali yake ya kwanza. Kikipata maji na hewa pamoja, huanza kushikamana tena na oksijeni, nacho hugeuka kuwa unga mwekundu, mfano wa udongo kilikotoka. Hiyo ndiyo kutu. Katika miaka ya 1770 mtaalamu Mfaransa, Antoine Lavoisier, alipima kwa mizani akaonyesha ya kuwa madini yanapoungua huongezeka uzito, kwa sababu yamechukua sehemu ya hewa. Ndivyo ilivyo kwa kutu: ni chuma kilichokula hewa.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, yahitajiwa maji na hewa vyote viwili. Chuma katika hewa kavu kabisa hakiliwi upesi, wala katika maji yasiyo na hewa. Tena chumvi ikiwamo katika maji, kazi ya kutu huenda mbio mno. La pili, kutu ni nene kuliko chuma ilichokula. Huchukua nafasi zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo bati mbili zikiunganishwa, na kutu ikaingia katikati, zitasukumwa na kufumuka kama mbao zilizopigwa kabari. Wala kutu haishikamani na chuma kama ngozi. Humomonyoka ikaanguka, chuma kipya kikabaki wazi, nacho kikaanza kuliwa. Hapa chuma chatofautiana na aluminiamu, kwa maana aluminiamu nayo hushika hewa, lakini ngozi yake ni nyembamba na imara, nayo huilinda.

II. MAMBO WALIYOJIFUNZA MABAHARIA

Watu wa bahari ndio waliojifunza kwanza somo lililo kubwa kwetu leo. Mwaka 1761 Jeshi la Maji la Uingereza lilifunika tumbo la merikebu iitwayo HMS Alarm kwa bati za shaba, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Merikebu ikaenda West Indies. Iliporudi ikatazamwa mwaka 1763, shaba ilikuwa nzima, lakini misumari ya chuma iliyoshika bati zile ilikuwa imeliwa vibaya, na mahali pengine bati zimeng'oka. Mafundi wakastaajabu. Lakini wakaona neno moja zaidi: mahali ambapo karatasi ya kufungia ilisalia kati ya shaba na chuma, msumari ulikuwa umepona.

Maana yake ni hii. Madini mawili ya namna mbali yakigusana ndani ya maji ya chumvi, nguvu ya umeme hupita kati yao, ingawa ni ndogo sana. Mmoja huwa mlaji na mwingine mliwaji. Shaba na chuma zikikutana, chuma huliwa. Chuma na aluminiamu zikikutana, aluminiamu huliwa. Chuma na zinki zikikutana, zinki huliwa, na chuma hupona. Tukilijua jambo hili, tumepata ufunguo wa nusu ya habari yetu.

Mwaka 1824 bwana Humphry Davy wa Uingereza akatumia elimu hiyo kwa makusudi. Alifunga vipande vya zinki au vya chuma juu ya shaba ya merikebu, ili shaba isiliwe. Shaba ikapona kweli. Lakini konokono na majani ya bahari yakaota juu yake, kwa kuwa shaba isiyoliwa haitoi tena sumu ya kuyafukuza. Kazi ikaachwa kwa muda, bali elimu haikupotea. Mwaka 1837 Stanislas Sorel, fundi wa Ufaransa, akapata hati ya serikali kwa njia ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa. Zinki hushika chuma kama vazi. Na hata vazi likikwaruzwa, zinki iliyo kando ya mkwaruzo hukubali kuliwa kwanza kabla ya chuma.

Msomaji, ukitaka kuiona kazi ya Sorel, inua macho yako kanisani. Mabati ya paa letu ni chuma kilichovikwa zinki. Utayaona yamekaa miaka mingi bila kutu. Kisha yataanza kushika kutu kwenye kingo zilizokatwa na kwenye matundu ya misumari, mahali zinki ilipokwisha kwanza. Pwani, penye upepo wa chumvi, huchakaa upesi kuliko bara. Gari nalo hufuata sheria hiyohiyo.

Mfano mkubwa kuliko yote uko Marekani. Sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa katika bandari ya New York mwaka 1886 ina ngozi ya shaba juu ya mifupa ya chuma. Waliojenga waliijua hatari, wakatia vitambaa vilivyolowekwa katika gundi kati ya madini hayo mawili. Baada ya miaka, vitambaa vikachakaa na kunyonya maji, na vyuma vikaanza kuliwa na kuvimba. Katika matengenezo ya miaka 1984 hata 1986 vyuma vile viliondolewa, vikatiwa vingine vya chuma kisichoshika kutu. Ugonjwa mkubwa wa sanamu ulikuwa ndani. Kumbuka neno hilo tunapoliendea gari letu.

III. JINSI LAND ROVER ILIVYOZALIWA

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Maurice Wilks, mkubwa wa mafundi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey. Alitumia huko gari la kijeshi la Wamarekani, Jeep, lililobaki vitani. Likawa linachakaa, naye akaona hapana gari jingine la kushika nafasi yake. Mwaka 1947 yeye na ndugu yake Spencer, aliyekuwa msimamizi wa kampuni, wakaazimu kutengeneza gari lao la shamba. Tarehe 30 Aprili 1948 likaonyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika maonyesho ya Amsterdam, Uholanzi. Lilitengenezwa Solihull, katika kiwanda ambacho wakati wa vita kilifanya kazi ya injini za ndege.

Sasa sikiliza neno ambalo ndilo kiini cha historia hii. Wakati ule chuma cha pua kilikuwa haba Uingereza, nacho kiligawiwa kwa kipimo na serikali. Bali aluminiamu ya kutengenezea ndege ilipatikana. Kwa hiyo bodi ya gari ikafanywa kwa aluminiamu iliyochanganywa na madini ya magnesiamu, iitwayo Birmabright. Lakini mifupa, yaani chasisi, haikuweza kuwa ya aluminiamu; ilipasa kuwa ya chuma. Mafundi wakachukua vipande vya bati bapa la chuma, wakaviunganisha kwa kuchomelea pande nne, vikawa mhimili wenye uwazi ndani, kama boksi refu. Ilikuwa akili njema, kwa kuwa haikuhitaji mashine kubwa za kukandamiza chuma, na mhimili ule ulikuwa na nguvu sana.

Tena yafaa tujue ya kuwa chasisi za magari ya kwanza ya majaribio zilivikwa zinki. Magari yalipoanza kuuzwa kwa wingi, zikapakwa rangi tu. Kampuni haikutazamia gari hili liishi muda mrefu; lilidhaniwa kuwa la kuvusha miaka michache ya dhiki. Lakini likapendwa ulimwenguni kote. Umbo lile la kwanza likabadilishwa kidogo kidogo: namna ya pili ikatoka mwaka 1958, namna ya tatu mwaka 1971, kisha lile lililopewa jina la Defender mwaka 1990. La mwisho wa ukoo huo likatoka Solihull tarehe 29 Januari 2016. Jumla yake ni zaidi ya milioni mbili. Kitu kilichofanywa kwa ajili ya miaka miwili mitatu kikaishi miaka 68.

Katika miaka ya 1950 magari haya yakaenea Tanganyika, Kenya na Uganda. Serikali, mashamba, hospitali na misioni wakayapokea. Japani nayo haikulala. Mwaka 1951 Toyota ilitengeneza gari lake la njia mbaya, ambalo tangu mwaka 1954 laitwa Land Cruiser, nalo leo twaliona kila wilaya. Lakini Land Cruiser za zamani zilikuwa na bodi ya chuma, kwa hiyo kutu yake ilionekana upesi usoni, milangoni na juu ya magurudumu.

Hapo ndipo watu walipodanganyika kwa habari ya Land Rover. Waliona bodi ya aluminiamu haina kutu, wakasema, "Hili haliliwi." Kumbe dhiki ya mwaka 1948 iligawanya gari mara mbili: ngozi ya aluminiamu, mifupa ya chuma. Ngozi yang'aa na mifupa yaoza.

IV. MAHALI KUTU INAPOJIFICHA

Mahali pa kwanza ni ndani ya ule mhimili wenye uwazi. Maji na matope huingia kwa matundu, lakini hayatoki upesi. Rangi ya kiwandani haikufika vema ndani. Basi chuma huliwa toka ndani kwenda nje, na siku uonapo tundu kwa nje, ujue ugonjwa una miaka. Penye hatari zaidi ni mhimili wa nyuma unaopita kutoka upande mmoja wa gari hata wa pili, na mikono midogo inayotokeza kando kushika bodi, na mahali springi zinaposhikizwa.

Mahali pa pili ni ukuta wa chuma kati ya injini na dereva, hasa pale miguu inapokanyaga. Magurudumu ya mbele hurusha matope huko chini, na juu yake mikeka iliyolowa hukaa siku nyingi.

Mahali pa tatu ni milango. Milango mingi ya magari hayo ina fremu ya chuma iliyofunikwa kwa aluminiamu. Hapa lile somo la HMS Alarm larudi. Chini ya mlango maji yakikaa, utaona rangi imevimba na unga mweupe unatoka. Huo si kutu ya chuma, ni aluminiamu inayoliwa kwa sababu imegusana na chuma.

Mahali pa nne ni mirija ya breki. Ile ya chuma huliwa taratibu chini ya matope, kisha hupasuka siku dereva akanyagapo breki kwa nguvu, yaani siku ileile anayoihitaji kuliko siku zote. Kwa hiyo kutu si neno la urembo tu. Ni neno la uhai.

Na nchi yetu ina namna zake za kuisaidia kutu. Udongo wa njia zetu ukishikamana chini ya gari huweka unyevu kama kitambaa kilicholowa, hata siku ya jua. Pwani, kutoka Mombasa na Tanga hata Mtwara, hewa yenyewe ina chumvi. Gari likibeba samaki wa chumvi, au magunia ya chumvi, au mbolea ya dukani, unga wake huanguka katika mianya na kuvuta maji. Maji ya betri yakimwagika nayo huunguza rangi na chuma pamoja.

V. KWA NINI KUTU HURUDI

Katika parokia moja niijuayo palikuwa na Land Rover ya namna ya tatu. Kutu ilipotokeza nyuma, fundi mmoja aliziba matundu kwa pati, akapiga msasa, akapaka rangi nzuri ya kijani kabla ya Krismasi. Watu wakafurahi. Masika yalipokwisha, rangi ikavimba. Ikapakwa tena, na mara ya tatu. Kisha usiku mmoja gari lilipokuwa likimpeleka mama mwenye uchungu hospitalini, mhimili wa nyuma ukakatika penye korongo. Wanaume wakamchukua mama kwa machela, wakatembea naye hata alfajiri. Alifika, na mtoto akazaliwa salama. Lakini wale waliobeba hawakuusahau mwendo ule.

Baadaye halmashauri ya parokia ikakaa. Wengine wakasema gari liuzwe kwa wenye chuma chakavu. Wengine wakasema haifai, maana fedha za kununua jingine hazipo, na injini ni nzima. Mzee mmoja akauliza swali lililo jema: "Mara tatu tumelipa. Tulilipia nini?" Wakahesabu, wakaona mara zote tatu walilipia rangi, wala hawakulipia chuma hata mara moja. Basi wakapatana gari lifunguliwe lote chini, mhimili ule mbovu ukatwe utiwe mpya, na rangi ya juu ingoje. Bodi ikabaki na madoa yake, nalo gari likarudi kazini.

Swali la mzee yule ndilo linalotufungulia sababu za kutu kurudi. Nazo ni nne.

Kwanza, kutu hufunikwa badala ya kuondolewa. Chuma kilicholiwa kina vishimo vidogo, na ndani ya vishimo kuna kutu na chumvi. Rangi ikipakwa juu, chumvi ile huendelea kuvuta maji kupitia rangi, kwa maana rangi haizuii unyevu kabisa. Pili, upande wa nje hutengenezwa na upande wa ndani husahauliwa. Tena moto wa kuchomelea huunguza rangi iliyo upande wa ndani, hata mahali palipokuwa pazima pakaachwa uchi. Tatu, kiraka hubandikwa juu ya chuma kilichooza. Kati ya vipande hivyo viwili pana mwanya, na mwanya ni nyumba ya maji. Nne, sababu ya maji yenyewe haikuondolewa: tundu la kutolea maji limezibwa na matope, mpira wa kioo umepasuka, mkeka haukauki. Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ufa si ule uonekanao penye rangi, bali ni njia ya maji.

VI. MATENGENEZO YAFAAYO

Sina haja ya kumfundisha fundi kazi yake. Lakini anayetoa fedha yampasa kujua aulize nini.

Gari lioshwe chini kwanza, hata matope yote yatoke, kisha likauke. Ndipo fundi agonge chasisi kwa nyundo ndogo mahali pote. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti ya kufa, au nyundo hutumbukia. Palipooza pakatwe hata kufikia chuma kizima kinachong'aa, na bati jipya lenye unene ule ule lichomelewe mahali pake, wala si juu yake. Kabla ya moto, betri ifunguliwe na tangi la mafuta liondolewe mbali. Na mahali penye zinki, fundi asivute moshi wake, kwa maana moshi wa zinki huleta homa.

Kutu ya juu isiyotoboa hukwanguliwa kwa brashi ya waya na msasa. Iliyobaki katika vishimo hupakwa dawa ya kuigeuza. Dawa nyingine ni ya tindikali ya fosforasi, ambayo hugeuza kutu kuwa ngozi ngumu. Nyingine ina tanini, kitu kile kile kinachopatikana katika magome ya miwati, miti inayolimwa nyanda za Njombe, nayo hugeuza kutu kuwa nyeusi. Dawa hizi hufaa kwa kutu nyembamba tu. Hazirudishi chuma kilichokwisha. Baada ya hapo hupakwa rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na ile yenye unga wa zinki mwingi ni njema ikipakwa juu ya chuma kilichosafishwa kabisa. Zamani watu walitumia rangi nyekundu ya risasi. Ilizuia kutu vema, lakini ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hiyo ukikuta rangi hiyo ya kale katika gari au lango, usiipige msasa mkavu uani penye watoto.

Ndani ya mhimili hunyunyizwa nta laini au grisi iliyoyeyushwa, ipitie matundu yaliyomo. Matundu ya kutolea maji yasizibwe. Wengi hupaka oili chafu ya injini chini ya gari. Ni kweli huzuia maji kwa muda. Lakini hulainisha na kuharibu mipira, hudondoka ikaharibu udongo na maji ya visima, tena si njema kwa ngozi ya mpakaji. Afadhali grisi au nta, ingawa ni kidogo. Palipo aluminiamu na chuma pamoja, kitiwe kitu katikati yake, mpira mwembamba au rangi nzito, kama ile karatasi ya mabaharia.

Aliye na uwezo zaidi aweza kununua chasisi mpya iliyovikwa zinki, kwa maana leo hutengenezwa hivyo na viwanda vingine. Hivyo gari kuukuu hupewa baada ya miaka mingi lile vazi ambalo yale ya majaribio yalikuwa nalo.

Je, ni wakati gani wa kuacha? Nadhani ni pale mihimili yote miwili mirefu imeoza mahali pengi, hata kiraka hakina chuma kizima cha kushikamana nacho. Hapo kuendelea kuchomelea ni kuhatarisha watu. Gari kama hilo lisibebe mgonjwa wala mwanafunzi, hata kama injini yake yaimba.

Lakini dawa kubwa ni ndogo. Parokia ile niliyoitaja iliweka daftari ndani ya gari. Dereva huandika siku ya kuosha chini, mahali alipoona kutu, na kazi iliyofanywa. Kila mwaka kabla ya masika halmashauri husoma daftari, na mtu mmoja huingia chini ya gari na nyundo. Mimi naiona hiyo ni historia kama ile iliyoandikwa katika kitabu hiki. Tunayo majina ya waliojenga makanisa. Lakini ya wale waliokwangua, waliopaka na waliozibua, ambao bila wao hakuna kilichosimama hata jubilei, mara nyingi hatunayo.

VII. NENO KWA WALIMU

Mwalimu asiye na gari aweza kufundisha habari hizi zote kwa misumari minne na chupa nne. Katika chupa ya kwanza, iliyo kavu kabisa, atie msumari mkavu, kisha aizibe. Katika ya pili atie msumari na maji yaliyochemka sana, ayafunike kwa mafuta ya kula, ili hewa isiingie. Katika ya tatu msumari na maji ya kawaida, chupa ikiwa wazi. Katika ya nne msumari na maji ya chumvi, nayo wazi. Misumari isiwe ya mabati, maana hiyo imevikwa zinki, ila iwe ya chuma kitupu, iliyopigwa msasa ing'ae.

Watoto watazame kila siku kwa juma moja na kuandika waonavyo. Wataona tofauti kati ya chupa mbili za kwanza na mbili za mwisho, nao watajua wenyewe yale waliyoyatafuta kina Lavoisier na Davy. Kisha awatoe nje, awaonyeshe paa la shule, bawaba za milango, majembe ya bustani na baiskeli yake mwenyewe, awaulize: maji hukaa wapi hapa, nayo hutoka wapi? Mtoto aliyejibu swali hilo juu ya baiskeli ataweza kesho kulijibu juu ya gari litakalombeba mama yake.